Gari la Shaba la Gaudensi wa Izia

Jumatatu, 14 Juni 1976

Baridi ya kukata masikio. Upepo umeniamsha kabla dada Kalista hajaniamsha. Haijapata kutokea.

Habari mbaya. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Dominiko, amepita nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Izia. Anasema kila mwenye nguvu zake asiye na kazi ya kueleweka mjini atapelekwa kijiji cha ujamaa baada ya Saba Saba, akalime. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya akiba. Akaniuliza kazi yangu nini. Nikasema mimi fundi. Akauliza fundi wa nini. Nikasema hilo bado naliangalia.

Kalista akadakia kutoka kwenye cherehani yake kwamba mimi ni fundi wa kulala. Dada yangu wa tumbo moja!

Lakini mzee akasema neno. Kwenye maonyesho ya Saba Saba kutakuwa na banda la uvumbuzi. Atakayeleta kazi ya maana ataandikwa fundi, na fundi atabaki mjini. Niliinamisha kichwa kwa heshima. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Mimi na jembe hatuelewani. Nimejaribu. Lenyewe halitaki.

Jumanne, 15 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Dagaa wa Kalista wamekuja wamefungwa katika ukurasa wa gazeti la Kizungu. Nimeukunjua. Picha ya gari! Lakini gari gani! Refu na jembamba kama panzi aliyefunga mwezi mzima. Matairi ya nyuma makubwa mno, ya mbele kama ya baiskeli. Halina mabati. Ni mabomba matupu, na dereva amelala katikati yake.

Nimempelekea Bashiri, anayeendesha lori la baba yake hadi mpakani Kasesya. Kule husikia mambo mengi. Akasema linaitwa dragista. Linakwenda mbio moja tu, mbele, umbali mfupi, kwa kasi ya risasi, halafu linafungua mwavuli nyuma ili lisimame.

Nimemweleza Kalista. Akauliza likishasimama linarudije. Nikasema halirudi. Akauliza basi kwa nini liliondoka. Wanawake hawaelewi uhandisi.

Nimeamua. Nitaunda dragista ndogo, kipimo cha moja kwa nane, kila bomba mahali pake, fremu yote ya shaba iliyolehemiwa. Mkoa huu haujawahi kuona kitu hicho. Sina shaba.

Ijumaa, 18 Juni

Shaba imepatikana. Imekuwa ndani ya nyumba miaka yote hii! Kitanda cha Kalista, alichoachiwa na marehemu mama, kina vijibomba vya shaba kichwani na miguuni, vyembamba, vimenyooka, kana kwamba aliyekitengeneza alijua nitazaliwa.

Nimengoja aende sokoni. Nimevichomoa vyote na kuweka matete mahali pake. Nimeyapaka manjano. Ukisimama mlangoni huoni tofauti. Ukiwa na haraka, zaidi.

Mchana amekuja Zenon, muuzaji wa duka la ushirika, mtu wa kujisikia kwa sababu anaimba sauti ya nne kanisani. Anataka Kalista amshonee kifungo cha shati. Nikamwona anachungulia huku na huku. Anapeleleza! Nimesikia naye anaingia banda la uvumbuzi. Anasuka kihenge kipya cha mianzi, cha kuwekea nafaka, ambacho ati panya hawezi kukipanda. Uvumbuzi gani huo? Kapu lenye majivuno!

Jumapili, 20 Juni

Kalista amelala kidogo baada ya misa. Akaegemea kichwa cha kitanda. Matete hayakumfaa.

Amenifukuza hadi kisimani, ameshika mwiko. Nimemwambia sanaa inadai sadaka. Akasema sadaka yangu iko njiani. Majirani wakatuamua. Tumekubaliana kwamba nikiwa fundi nitamnunulia kitanda kingine, na kwamba hadi hapo mimi nitalala jikoni na yeye atachukua kitanda changu. Sioni haki ilipo katika hilo la pili.

Zenon alikuja tena. Kifungo kingine. Mtu wa aina gani huyu, vifungo vinamkimbia?

Alhamisi, 24 Juni

Kulehemu si mchezo. Bashiri ameniletea risasi ya kulehemu. Utomvu wa msonobari nimeutoa kwenye miti ya misheni, padri akidhani nasali. Unapasha chuma kwenye mkaa, unapaka utomvu, unagusisha risasi. Inayeyuka kama samli, inajipenyeza kwenye kiungo, inang'aa. Raha! Nilipiga yowe la furaha.

Kisha nikaenda kwenye kiungo cha pili. Joto likatembea ndani ya bomba, kiungo cha kwanza kikaachia. Nikarudi cha kwanza, cha pili kikaachia. Nikaviunga vyote viwili, cha tatu kikadondoka kwenye uji.

Jioni nikapata akili. Kila kiungo kilichokwisha nikakizungushia kitambaa chenye maji, kikinywe joto. Imekubali! Fremu inasimama! Imenyooka, inameta. Nikiipiga kwa ukucha inaimba. Nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Sijawahi kumaliza kitu.

Kitambaa kile kumbe kilikuwa mkono wa gauni la mteja. Kalista ameniambia maneno ya Kifipa ambayo mama alitukataza.

Jumanne, 29 Juni

Magurudumu ya nyuma: makopo ya dawa ya viatu, nimeyavisha vipande vya tairi kuukuu lenye meno. Ya mbele: magurudumu ya saa iliyokufa. Usukani: pete ya pazia. Injini nimeichonga kwa mti, na mabomba yake ya moshi nimeyapinda moja moja, yakatazama juu kama vidole vya mtu anayeomba mvua. Kiti cha dereva ni cha ngozi. Ngozi ni ya kiatu changu. Kiatu kingine nimekitunza.

Kasoro moja. Gari ni refu kuliko nilivyodhani. Niliundia jikoni, na sasa haligeuki kwenye kona ya mlango likiwa na mhimili wa nyuma. Nimeukata, nimelitoa, nimelehemu tena nje, upepo ukinizimia mkaa.

Zenon amepita na kabichi. Kwa ajili ya Kalista, anasema, kwa sababu ya vifungo. Akalitazama gari akaniuliza, kwa upole ule wake wa kuudhi, linasaidia nini katika kilimo. Sikulala vizuri. Linasaidia nini katika kilimo?

Jumamosi, 3 Julai

Nimelitia nguvu. Mpira wa tyubu ya baiskeli, umevutwa kutoka pua hadi nyuma, unajisokota kwenye mhimili. Ukiachia kifungio, magurudumu yanavuma. Mwavuli ni wa kitambaa cha bitana. Nimeomba ruhusa safari hii. Nimeiomba kimoyomoyo.

Nimelijaribu njiani. Nikaachia. Lo! Halikuondoka, lilitoweka! Likapita chini ya mbuzi, likapita chini ya benchi la Mzee Dominiko naye akiwa amekalia, likagonga ndoo. Kisha mwavuli ukafunguka, taratibu, kwa adabu.

Mzee akasimama. Akalikagua gari muda mrefu. Akasema, “Gaudensi, hiki kitu kinafanya nini?”

Nikasema, “Kinakwenda, mzee.”

Akasema, “Na wewe utakwenda, usipopata jibu jingine.”

Jumatano, 7 Julai, Saba Saba

Nianze mwanzo.

Uwanja ulijaa. Bendera, ngoma, vumbi. Banda la uvumbuzi lilikuwa na meza moja ndefu. Gari langu upande huu, Zenon kule mwisho, kihenge chake kimesimama chini. Katikati, chini, akina mama walikuwa wametandaza ulezi kwenye turubai, masuke yaliyovunwa juzi. Zenon alikuwa amevaa shati jipya. Vifungo vyote vipo! Kalista alikuwa amesimama karibu naye, nadhani ili kumzuia asinifanyie hila.

Mgeni rasmi akafika na msafara wake. Akakisifia kihenge. Akaingiza mkono, akauliza habari za panya, Zenon akajibu kwa sauti ya nne. Watu wakapiga makofi. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kasi ni maendeleo, na kadhalika. Nikafungua mdomo. Mkono ukashuka kwenye kifungio.

Gari likaruka kutoka mezani likatua juu ya ulezi. Hapo likakwama! Magurudumu yakazunguka palepale, yale meno ya tairi yakayatafuna masuke, punje zikarushwa juu kama mvua ya mawe. Mgeni rasmi alijaa ulezi kwenye nywele. Akina mama wakapiga vigelegele, sijui kwa hofu au kwa nini. Kisha gari likapata njia, likachomoka, likatoboa kihenge cha Zenon likabaki humo ndani, nyuma yake ikitetemeka. Mwavuli ukafunguka.

Niliwaza kukimbia. Mgeni rasmi akainama, akachota punje kiganjani, akazipuliza makapi. Zilikuwa safi. Akasema polepole, “Ndugu, mashine hii inapura ulezi?”

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana.

Nikasema, “Ndiyo, Ndugu Mgeni Rasmi! Ndiyo kazi yake!” Tena nikaongeza, nani alinituma, kwamba ikiwa kubwa inaweza kupura ulezi wa kijiji kizima kabla ya chai. Makofi! Nilibebwa juu. Nimepewa zawadi ya kwanza. Jina langu limetangazwa kwenye kipaza sauti: Ndugu Gaudensi, mtaalamu wa kupura ulezi.

Nilimtazama Mzee Dominiko kwa jicho la ushindi. Alikuwa anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Alhamisi, 8 Julai

Mzee Dominiko amekuja asubuhi. Amenipongeza kwa mikono miwili. Kisha akanieleza. Wakubwa wameona mtaalamu wa kupura hafai kukaa mjini, maana mjini hakuna ulezi. Napelekwa kijiji kipya cha ujamaa. Trekta linaondoka leo hii jioni, na mimi nitakuwa nyuma kwenye tela.

Nimemkumbusha kwamba fundi anabaki mjini. Akasema fundi, ndiyo. Mtaalamu anapelekwa kwenye uzalishaji.

Mchana Zenon naye amekuja na wazee wa kwao, wamevaa makoti. Nikadhani wamekuja kudai fidia ya kihenge. Nikajificha nyuma ya jiko. Wakazungumza muda mrefu na mjomba wetu, aliyeitwa na Kalista bila mimi kujua. Kalista ndiye aliyenitoa, anacheka na kulia pamoja. Amechumbiwa! Anasema hata pasipo kitanda cha shaba, Zenon yuko radhi.

Basi vifungo vile vyote ilikuwa ni njama ya kunikaribia mimi na uvumbuzi wangu, hata kwa kuoa. Mtu mwenye uvumilivu wa ajabu. Nimempa mkono. Kalista akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, akanifungia mkate wa ulezi, akaniambia nisile wote kabla ya daraja la kutoka mjini. Niliula kabla ya daraja. Ulikuwa na chumvi kidogo, au ni mimi niliyekuwa nalia.

Jumatatu, 19 Julai. Kijijini

Gari halikupura tena. Mpira ulikatika siku ya kwanza, suke la tatu, mbele ya kijiji kizima. Watoto wamelichukua, wanalivuta kwa kamba na kulijaza mawe. Mimi nimepewa jembe. Nina malengelenge kila mahali, mengine mahali ambapo jembe halifiki.

Lakini nimetulia. Nimetafakari makosa yangu kwa unyofu mkubwa, na nimeyaona. Kosa lilikuwa moja tu: gari lilikuwa dogo, na lilitumia mpira.

Leo tukipalilia bustani nimesikia kwamba reli mpya kubwa imekamilika kule Mbeya. Treni! Mvuke! Treni haina mpira wa kukatika! Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji kwa utulivu kama mtu anayeunda treni anahesabiwa kuwa na kazi maalumu. Akasema hajawahi kuulizwa. Hakusema hapana!

Mke wake akanikaribisha chai. Ana birika zuri sana, la urithi, tumbo kubwa, shingo ndefu. Alipogeuka nikalipiga kwa ukucha.

Shaba tupu.