Friziani kwenye Joto la Kusini

Jumatatu, 4 Novemba
Jambo kubwa limekamilika! Nimempa shemeji, kaka wa mke wangu, yule ng'ombe wetu wa kijivu mwenye nundu. Yeye kanipa friziani, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyemleta kutoka milimani mwezi uliopita. Amekubali upesi mno. Nimemhurumia.

Mke, mwenye ng'ombe hasa, ameuliza kama mgeni ataliweza joto letu la kusini. Nimemweleza taratibu, kama nilivyofundisha jiografia miaka thelathini: maziwa hutoka kwenye kiwele, si kwenye nundu. Kanipa wiki moja. Yule wa kijivu alitoa lita tatu kwa siku. Huyu asipozifikia, mimi na kuchagua ng'ombe basi.

Jumanne, 5 Novemba
Kipimajoto cha bandani: nyuzi thelathini na saba. Friziani anahema, ulimi nje. Majani hataki. Lita moja!

Nimekihamishia kipimajoto nyuma ya mtungi wa maji. Ishirini na tano. Nikamwita mke ajionee. Hakukitazama hata kidogo. Aliweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, akasema, "Mzee, mwenzio anaungua, wewe unamsomea namba."

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemfunika magunia yaliyoloweshwa. Ameyala.

Shemeji kapita na yule wa kijivu, anacheua juani kana kwamba yuko likizo. Akauliza, "Mwalimu, mwanafunzi mpya vipi?" Nikajibu anaendelea vizuri, ila ana haya.

Jumamosi, 9 Novemba
Rangi nyeusi hunyonya joto, nyeupe hulirudisha. Nimesaga chaki zangu za zamani, nikazikoroga, nikampaka kote palipo peusi. Kazi safi!

Kufika adhuhuri alikuwa amejilamba. Ng'ombe mweusi, ulimi mweupe. Daktari wa mifugo aliuliza mgonjwa ni yupi kati yetu. Kisha akaeleza: wenye nundu wana nywele fupi, ngozi iliyolegea, na hutoa jasho vizuri, huyu kaumbiwa baridi. Angalau ningetafuta chotara.

Nilimwambia najua. Na kweli nilijua. Niliwahi kulitungia swali la mtihani.

Jumapili, 10 Novemba
Nimeshinda bandani, nampepea kwa daftari. Ananitazama bila lawama, na hilo ndilo linalouma. Nimemtesa kiumbe wa watu ili nimringie shemeji.

Jumatatu, 11 Novemba
Nusu lita. Mke alikwenda kwa kaka yake, akarudi na ng'ombe wake wa kijivu. Friziani amepakiwa kwenye lori, amerudi kwenye ubaridi wake. Nimeapa mbele ya mke: sichagui ng'ombe tena. Mfugo huchaguliwa na hali ya hewa, si na mwalimu mstaafu. Nimeandika hapa nisisahau.

Jumanne, 12 Novemba
Kiapo kilihusu ng'ombe. Kondoo hawakutajwa.

Shemeji ana wawili kutoka milimani, manyoya mazito kama blanketi. Nimemwomba aniachie. Amekubali upesi mno. Nimemhurumia.

Tena ni weupe tangu kuzaliwa. Chaki haitahitajika.