Mahari Yenye Magurudumu Manne

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Pikapu imeingia Kikuyu, mtaa wetu hapa Dodoma! Datsun ya bluu kutoka Dar, imetumika kidogo tu, ila na watu wengi. Nimeuza ng'ombe wa mahari, nimebakiza wawili tu. Shangazi Lydia, ninayeishi kwake, ameshika kichwa. Anauliza kama Generosa nitamwoa kwa usukani. Hajui biashara! Nitabeba zabibu za Hombolo msimu huu, ng'ombe watarudi na ndugu zao.

Jirani yangu Damas, mwenye pikipiki, kasema pikapu ni punda wa mtaa. Nikamjibu kwamba pikipiki ni baiskeli yenye hasira. Watu wakacheka. Mzee Yotham, baba yake Generosa, dereva mstaafu, alipiga teke kila tairi, kisha akasema mwenye pikapu ana watu. Generosa akatabasamu. Leo nalala nikiwa mkwe.

Alhamisi, 5 Agosti

Watu ninao kweli. Kafa mzee wa nyumba ya nyuma. Natoka kuoga, nakuta jeneza limeshapakiwa na kwaya imeshakaa kando yake. Nani anatoza nauli msibani? Hombolo walinisubiri mpaka adhuhuri, wakampa zabibu mwenye lori.

Jumamosi, 7 Agosti

Msiba mwingine! Sufuria, kuni, kina mama, kwaya ileile. Springi zinalia, nami nalia. Nimekwisha.

Lakini akili ni mali. Jioni nimeng'oa tairi moja, gari nikaliweka juu ya mawe, tairi nikalisukumia uvunguni mwa kitanda. Nimetangaza gia boksi imekufa. Mtaa mzima umenipa pole. Pole tamu!

Jumapili, 8 Agosti

Bibi yake Generosa amefariki. Maziko Mpwapwa. Generosa alikuja mwenyewe, macho mekundu, akaniita kaka Fredy, akaomba gari. Mungu wangu! Ningesema nini? Nikasema gia boksi. Akasema haya, asante.

Laiti yangeishia hapo. Damas, kwa wema wake, akatambaa chini ya gari kuangalia. Akatoka na kusema gia boksi ni nzima, kinachokosekana ni tairi. Papo hapo Shangazi akatoka ndani akilibingirisha. Akawaambia wote kwamba limemuumiza kidole asubuhi akifagia. Mzee Yotham alilipokea tairi, akampa Damas alifunge. Afadhali angenitukana.

Damas ndiye aliyeendesha hadi Mpwapwa. Mimi nilikaa nyuma na kwaya. Nilitamani kubadilishana nafasi na bibi.

Jumatano, 11 Agosti

Kubadilishana! Nimempa Damas pikapu, kanipa pikipiki. Alikubali kabla sijamaliza kusema, mjinga yule. Hajafikiri kwamba jeneza halikai kwenye pikipiki. Sasa nina nafasi ya kumwendea Generosa na kumwomba radhi. Jumamosi nakwenda.

Jumamosi, 14 Agosti

Sikwenda. Alfajiri nilipigiwa hodi. Ndugu yake jirani yetu Mzee Halfani amefariki, jamaa zake wako Kondoa, simu hawana, na maziko ni kesho. Wazee walikuwa wameshaamua kwamba aende mwenye pikipiki.

Pancha njiani, Haneti. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Kabla sijasema shikamoo, wanawake wakaanza kulia. Kumbe mgeni wa pikipiki wanajua analeta nini! Nikalia nao. Walidhani namlilia marehemu, wakanipa uji.

Jumapili, 22 Agosti

Wazee wa Damas wamekwenda kwa Mzee Yotham. Wamekubaliwa. Mzee karudia neno lake, kwamba mwenye pikapu ana watu. Naambiwa Generosa alitabasamu. Harusi mwezi ujao. Na nani apeleke habari kwa ndugu zao Mpwapwa? Mwenye pikipiki! Nimelia humo humo ndani ya kofia ya pikipiki, hakuna aliyeona.

Lakini sasa nimeelewa. Kosa si langu, ni la vyombo. Yuko mtu Area C ana Corolla, anataka pikipiki pamoja na wale ng'ombe wawili. Nimeshamkubalia. Jeneza haliingii. Kwaya haienei. Na habari za msiba huwezi kuzipeleka Kondoa kwa kigari cha chini vile, kitakwama Haneti. Nani ataliazima gari la namna hiyo? Hakuna!

Nimemweleza Damas. Kauliza gari lina rangi gani, na kama boneti inashika maua. Nikamwambia jeupe pe. Akanikumbatia, akakimbia kumwambia Generosa. Sijui ni nini kilichomfurahisha.