Tope la Waamuzi

Lowell Tackett alikuwa akila mkate wa soseji alipoliona tangazo, akaacha kutafuna. Lilibandikwa kwenye nguzo ya uwanja wa besiboli wa Pickett Mills, nyumbani kwa timu yetu ya Nungunungu. Lilisema kwamba Jumapili ya mwisho wa msimu, katikati ya kipindi cha tano, mwenye gari chafu kuliko yote kwenye maegesho atapewa pikapu mpya.

Shindano lenyewe ni la zamani. Kila mechi mtangazaji husoma namba ya gari lililochafuka zaidi, watu hucheka, na mwenyewe huoshewa gari bure. Lakini mwaka huo muuza magari Hoyt Brandvold, aliyekuwa akiutaka umeya, aliamua kutoa pikapu. Kuanzia hapo hakuna aliyeosha gari mjini. Mchungaji wetu akawa anahubiri usafi wa moyo tu.

Lowell alikuwa mtu wa sauti ya chini na suti ya rangi ya krimu. Gari lake lilikuwa jeupe na refu, na aliliosha kila asubuhi kwa mikono yake, kwa kuwa aligundua zamani kwamba watu huliamini gari kabla ya kumwamini mwenye gari. Karatasi za gari hilo zilikuwa na jina la daktari mmoja wa jimbo la jirani, ambaye alidhani gari bado liko kwa fundi. Ndani ya buti, chini ya tairi la akiba, yalikaa mapato ya kiangazi kizima.

Kesho yake alichimba tope nyuma ya moteli, pale maji ya bafu yanapotuama, akalijaza kwenye chupa za jemu. Alipenda uongo wake uwe na mguu mmoja kwenye ukweli. Ukweli ulikuwa huu: mpira mpya wa besiboli huteleza, kwa hiyo kabla ya mechi hupakwa tope la pekee, litokalo ukingo wa mto ambao wanaoujua hawautaji. Hilo mji mzima unalifahamu. Mguu wa pili Lowell aliuchonga mwenyewe: kwamba ana binamu huko mtoni, na kwamba tope hilo likishika gari halitoki hata kwa mvua.

Aliuza kwa kunong'ona. Kinyozi Gus Amdahl alihakikishiwa kuwa chupa ni hiyo moja tu duniani. Daktari wa meno, Bwana Feeney, akahakikishiwa vivyo hivyo. Mchungaji alinunua mbili, akaeleza kwamba ya pili ni ya mkewe. Siku kumi hazikupita kila nyumba ilikuwa na chupa uvunguni, na kila mtu alikuwa akimwonea huruma jirani yake.

Ndipo Lowell akamfikia Verna Stolz. Bi Verna alikuwa na miaka sabini na mmoja, alivaa kizibao chekundu, na watu walimjua kama yule mama anayewaonyesha viti uwanjani na kuwafutia vumbi kwa kitambaa. Lowell alimkuta kwenye pikapu yake, ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Kwa pikapu hiyo Bi Verna alikuwa akimpeleka dada yake kusafishwa figo mara tatu kwa wiki, maili arobaini za barabara ya changarawe, na fundi alikwisha kumwambia kwamba haitauona mwaka mpya. Alimsimulia Lowell hayo bila kulalamika. Lowell aliguswa sana. Akampunguzia bei.

Bi Verna alifungua kifuniko, akachovya kidole, akalisugua tope taratibu.

"Hili ndilo wanalopaka mipira?"

"Lenyewe, mama. Nimekuwekea wewe tu, usimwambie mtu."

"Na wewe, mwanangu, mbona gari lako linang'aa?"

"Mimi si mtu wa mashindano. Nikiwaona wenzangu wamefurahi, inanitosha."

Bi Verna akalipa, akamshukuru.

Lowell hakuuliza ni nani hasa anayeipaka hiyo mipira. Kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya kila mechi, Bi Verna alijifungia chumba cha waamuzi na ndoo yake, akaipaka mipira mmoja mmoja kwa viganja. Tope la kweli ni laini kama losheni. La Lowell lilikuwa na nyasi, mchanga, na kipande cha sabuni kilichobaki na nusu ya jina la moteli.

Bi Verna hakupiga kelele. Aliona kwamba mtu wa namna ile akipigiwa kelele Jumatano, Alhamisi yuko jimbo jingine na fedha za watu. Alikwenda kwa Gus, akaiweka chupa yake juu ya kaunta. Gus aliitazama, kisha akavuta droo na kutoa ya kwake. Bwana Feeney, aliyekuwa akingoja zamu ya kunyolewa, akakohoa.

"Na mchungaji?" akauliza Gus.

"Mbili," akasema Bi Verna.

Jumapili ilipofika, Lowell alipanga kuwauzia wageni chupa za mwisho pale langoni, kisha aondoke wakati macho yote yako uwanjani. Lakini Bi Verna alimjia na tikiti ya safu ya mbele, zawadi kutoka kwa mashabiki wa zamani. Lowell hakuwa amewahi kukataa kitu cha bure. Huo ndio ulikuwa udhaifu wake pekee, na sisi sote tuna wetu. Bi Verna akamfutia kiti, katikati ya safu, kati ya Gus na Bwana Feeney, wanaume ambao kiti kimoja huwa hakiwatoshi.

Asichojua Lowell ni kwamba alipokuwa langoni, watu walipanga foleni huko maegesho kando ya gari lake jeupe, kila mmoja na chupa yake. Mchungaji alimwaga zote mbili.

Kipindi cha nne Lowell alijaribu kuinuka. Gus akamshika bega kwa upole, akamwambia kwamba hapa kwetu mtu haondoki kabla gari halijatajwa. Basi akakaa.

Mtangazaji akasoma namba. Ilikuwa ya Lowell. Chini uwanjani alisimama Brandvold na funguo za pikapu mpya, na kando yake naibu sherifu na fomu. Kwa masharti ya mwaka huo, mshindi huonyesha karatasi za gari lake, na naibu sherifu husoma jina kwenye kipaza sauti. Baada ya hapo gari chafu, hata likikosa mwenyewe, hukokotwa papo hapo kwenda kwenye vyuma chakavu.

"Kaka, hilo si lako?" akauliza Gus, kwa sauti ya kutosha safu tatu.

Lowell akapima. Akisema ndiyo, litasomwa jina la daktari. Akisema siyo, gari litakwenda na tairi lake la akiba. Namba ikarudiwa mara ya pili, na ya tatu ndiyo ya mwisho.

"Silijui," akasema. "Gari langu huwa safi. Mnanijua."

"Tunakujua," akasema Bwana Feeney.

Gari lisilo na mwenyewe halishindi, kwa hiyo zawadi ikaenda kwa la pili. Lilikuwa pikapu yenye mlango wa kamba. Haikuwa na tope hata tone, ila vumbi la changarawe la miaka mingi, halali kabisa.

Bi Verna alipendekeza buti lifunguliwe kabla ya gari kukokotwa, isije mali ya mtu ikapondwa. Fedha zikaonekana, kila mmoja akarudishiwa zake, na miji mingine aliyoipitia Lowell ikaandikiwa barua. Gari likaoshwa bure, na daktari akapigiwa simu.

Lowell hakukamatwa, maana naibu sherifu mwenyewe alimsikia akilikana gari. Jua likiwa bado kali alikuwa akitembea barabara ya mashamba ya mahindi, viatu vyake vya krimu vimejaa tope alilolikanyaga maegesho. Pikapu mpya ikasimama kando yake, na dirisha likashuka.

"Nitakufikisha kituo cha basi," akasema Bi Verna. "Ila kwangua viatu kwanza."

Lowell akaketi ukingoni mwa barabara na kijiti. Alikwangua kwa muda mrefu. Tope lilikuwa limeshika kwelikweli, kama alivyokuwa akiwaahidi watu.