Nani Anakula Mega Zangu?

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Nimeshinda! Kaka yangu Aboubakar amekubali. Kadi za ndoa ya binti yake Safiya zitatoka kwangu, kwenye kibanda changu cha fotokopi hapa Tshopo. Si kwa Ambroise, ng'ambo ya barabara. Ambroise iko na imprimante mpya ya kuchapia, iko na climatiseur inayopuliza baridi, iko na tabasamu. Mimi niko na damu. Tonton wa bibi harusi ni mimi!

Sharti ni moja: modeli ya kadi ifike kwa wakwe walioko Kinshasa, kwa internet, Ijumaa kabla ya jua kuzama. Isipofika, Aboubakar amesema bila haya kwamba atavuka barabara. Atavuka barabara! Ndugu wa tumbo moja!

Shida ni mashini yangu, kompyuta ya kibandani. Imekuwa nzito. Ukiandika Safiya, herufi zinatoka moja moja kama wazee wanaotoka msikitini. Bon, mimi si mjinga. Nimepata programu ya bure, Nettoyeur Royal. Inafagia registre, yaani mle ndani mashini inamoandika kumbukumbu zake zote. Imepiga kengele nyekundu: makosa zaidi ya elfu! Nimefurahi sana. Mgonjwa amejulikana anaumwa nini.

Mke wangu Djamila ameuliza: mutu anayefagia nyumba za watu bure, anakula wapi? Nimemjibu kwamba hayo ni mambo ya informatique. Amerudi kutwanga majani yake ya pondu.

Jumanne, tarehe 10

Mega zimekwisha! Jana nilinunua forfait, mega za internet za wiki nzima, kwenye simu. Leo nimeunganisha simu na mashini, nikaanza kupamba kadi. Maua, pete, njiwa wawili. Kabla ya adhuhuri internet imekatika. Njiwa wa pili hata mabawa hana.

Nimenunua forfait nyingine. Kwa nani? Kwa Ambroise! Ndiye anayeuza mega kwenye avenue hii. Ameniuliza kwa upole kama ile ya jana imeisha kweli. Upole gani! Sura ya mutu wa misa ya kwanza!

Nettoyeur imekuta makosa mengine, mengi kuliko ya jana. Alors, jana ilifagia nini? Labda uchafu ulijificha. Nimeiruhusu ifagie kutwa.

Jumatano, tarehe 11

Zimekwisha tena, na sasa nimeelewa yote. Kikulacho ki nguoni mwako! Ambroise ananiuzia mega mlangoni, halafu anazivuta kwa wifi ya simu yangu zirudi kwake. Kitu kimoja anakiuza mara mbili, na mimi nasema aksanti!

Mpango wa kwanza: nimeweka code mpya ya siri, ndefu, ngumu. Asubuhi yote nimeimaliza nikijaribu kuikumbuka. Mega zimekwisha vilevile.

Mpango wa pili: nimebadilisha jina la wifi yangu. Sasa linasomeka AMBROISE MWIZI. Avenue nzima inaliona kwenye simu. Amekuja mwenyewe, bila hasira, jambo linalozidi kuudhi. Amesema labda ndani ya mashini yangu iko kitu kinachoongea na watu wa nje kwa siri, afadhali nikague programu zangu. Kitu! Ndani ya mashini inayofagiwa kila saa! Nimemwambia mashini yangu ni safi kuliko roho yake.

Mpango wa tatu: nimemshitaki kwa chef wa avenue, maman Émilie.

Alhamisi, tarehe 12

Sitaki kuandika. Naandika.

Desturi inataka mwenye kushitaki alete vinywaji. Nimeleta kasiye ya sucré, soda za chupa. Maman Émilie amemaliza chupa ya kwanza, kisha amesema internet haijui lakini wezi anawajua. Kuku akipotea kwenye avenue yetu, kila mutu anatoa sufuria yake nje na kuifunua mbele ya wote. Donc na simu pia! Zote mezani mbele ya kibanda changu, zimezimwa. Fadhili fundi viatu ameleta hata ile iliyokufa mwaka jana. Ambroise ameleta simu zake zote, amezima mashini yake, amekata na courant, umeme wote wa duka. Kisha amenipa forfait mpya, zawadi, mbele ya mashahidi. Nimeipokea kwa dharau.

Simu yangu na mashini yangu tu ndizo zimebaki zinawaka. Nimekaa, mikono juu ya magoti. Sikugusa kitu, wallahi! Maman Émilie ameshika simu yangu anasoma mega kwa sauti. Zinashuka. Watu wametazama simu na duka la Ambroise: giza. Wametazama mashini yangu. Pale pale Nettoyeur Royal imefungua dirisha lenye maua, ikanishukuru: habari zangu zote zimetumwa vizuri! Zimetumwa wapi? Kwa nani? Nani aliiagiza? Watu wamepiga makofi. Djamila amenikumbusha kwa sauti ya chini ile methali yangu ya kikulacho. Mke wangu mwenyewe!

Hukumu: niombe radhi. Nimeomba. Maman Émilie amesema hakusikia. Nimeomba tena.

Kumbe si hayo tu. Niliporudi ndani ya kibanda, programu ya kutengenezea kadi haipo. Imefagiwa! Pamoja na maua, pete na njiwa wote wawili. Aboubakar amesimama mlangoni, ametazama mashini, kisha ametazama ng'ambo ya barabara. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, tarehe 13

Nimetoka msikitini, namkuta Ambroise kibandani kwangu. Amekwisha kuongea na Aboubakar. Amemwambia kadi ya bibi harusi inafaa itoke kwenye mikono ya tonton wake. Nije nikae dukani kwake, kwenye mashini yake, mega zake, bure. Baada ya yote niliyomfanyia! Machozi yamenitoka, nimesingizia climatiseur.

Kadi imekamilika. Nzuri kuliko ya kwanza! Bado kuituma tu, na jua bado liko juu. Ambroise amekwenda bandarini kupokea mizigo, ameniachia duka lote. Ameniamini.

Sasa, jambo moja nimeliona. Mashini yake ilichelewa kidogo kufunguka. Kidogo tu, lakini jicho la fundi haliachi kitu. Maskini, hajui! Mutu mwema kama huyu nimlipe nini? Royal ni tapeli, sirudii tena, nimekoma. Lakini iko nyingine, Nettoyeur Impérial. Bure. Na inafukuza hata akina Royal!

Makosa zaidi ya elfu mbili! Kwenye mashini mpya! Imeomba ruhusa ya kuongea na watu wa nje. Nimebonyeza Oui.

Ikimaliza kufagia, natuma kadi. Jua limeanza kushuka, na inakwenda polepole, lakini kazi nzuri haina haraka. Ambroise atafurahi akirudi.