Herufi za Mtondogoo

Jumatatu, tarehe 4
Nimefura! Leo karakanani nimewaonyesha herufi zangu mpya. Nimezichora mwenyewe, kwa kisahani cha chai na rula ya pembetatu, basi. Herufi za wakati ujao! Nimezipa jina Mtondogoo, siku inayofuata mtondo, maana kesho wameshaiwahi wengine. Mjomba, mwenye karakana hii ya mabango, kaishika karatasi kichwa chini, kauliza kama ni vigae vya bafuni. Vigae! Mtu mzima, na miwani juu! Brashi kacheka mpaka kamwaga rangi. Huyu Brashi ni mwandika mabango mwenzangu. Kila herufi anaitia mkia kama jogoo, na watu wanampenda. Watu hawana macho.

Nitawakomesha. Dada yangu anafungua duka la kushona Jumamosi, na bango alitaka kumpa Brashi. Thubutu! Mimi wa tumbo moja nipo, mzima, na kipaji kinanimwagika!

Jumanne, tarehe 5
Dada kalainika. Nimemwambia bango la Brashi litakuwa kuukuu kabla rangi haijakauka. Nikamwambia pia Brashi anasema dada hajui hata kupinda suruali. (Hajasema. Lakini sura yake inasema.) Kazi nimepewa mimi! Ila kanivuta sikio kwanza. Ameacha kazi kiwandani kwa ajili ya duka hili. Wateja wasipoingia, itabidi arudi kumpigia magoti msimamizi aliyemcheka siku anaondoka. Kwa hiyo nisimletee utoto. Utoto! Mimi!

Alhamisi, tarehe 7
Siku ya mkosi. Nakata herufi kwenye kadibodi ili nipulizie rangi. Nikikata O, katikati inadondoka. Nikikata A, inadondoka. Brashi kajiegemeza mlangoni, kijiti mdomoni, kaniambia niache vidaraja vya kushikilia vipande vya ndani, kila mtu hufanya hivyo. Kila mtu! Ndiyo maana sifanyi.

Nimepitisha uamuzi: Mtondogoo haina matundu. O ni duara zima. A ni pembetatu nzima. D ni nusu duara. H na N nimezifanya miraba, zisione wivu. Nikatia nyekundu, njano, buluu na kijani. MISHONO YA DADA! Nimelitazama mpaka machozi yakanilenga.

Jumamosi, tarehe 9
Sina hamu! Bango limepanda asubuhi. Mama kalikazia macho, kisha kauliza maandishi nitayaweka lini.

Kaingia mwanamke kamshika mtoto mkono. Dada kachangamka, kachukua futi, kampima mtoto kifua na mabega. Mwanamke kafurahi, kauliza kama sare imo kwenye ada, na watoto hulazwa mchana saa ngapi.

Chekechea! Kaona maduara na pembetatu za rangi, kajua ni shule ya chekechea! Wakaja wengine. Baba mmoja kamwacha binti yake mlangoni, kakimbilia kazini. Mtoto kapanda juu ya cherehani, kalia mpaka mchana. Kitambaa hakuna aliyeleta. Dada kaninong'oneza kwa upole wa kutisha: "Mdogo wangu, leo nitakushona mdomo."

Kosa langu liko wapi? Mji mzima haujui kusoma, mimi ndiye nishonwe!

Jumapili, tarehe 10
Nimepata dawa. Watu wanataka picha? Watapata picha! Chini ya maneno nimeongeza mkasi, kwa mtindo uleule: maduara mawili ya vishikio, pembetatu mbili za makali. Hata kipofu ataelewa.

Jumatatu, tarehe 11
Mzee mmoja kaleta baiskeli yenye pancha. Kaonyeshwa cherehani, kakasirika, kasema basi tusichore baiskeli. Ni mkasi, mzee wangu, MKASI! Kanitazama kwa huruma. Huruma yake aende nayo!

Dada kafunga duka mapema. Nimemkuta kakaa kwenye kibao, anaikunjua sare yake ya kiwandani. Hajanitukana. Ningependelea matusi.

Jumatano, tarehe 13
Usaliti! Dada kamwita Brashi. Kwanza kamuuliza habari za suruali. Brashi kashangaa, kasema aliyovaa kapindiwa na yeye mwenyewe dada. Wote wawili wakanigeukia. Nikakumbuka nina shughuli nje.

Niliporudi, bango jipya lilikuwa juu. Mikia mitupu! Na ndani watu wamejaa na vitambaa vyao, hata yule mama wa Jumamosi kaja kumshoneshea mwanawe gauni. Ile sare ya kiwandani dada kaikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani. Anaimba! Na mimi kanipa bango langu nilibebe kichwani, barabarani, mchana kweupe.

Njiani kanisimamisha mwalimu mmoja, mwanamke mwenye chekechea ya kweli. Kalipenda bango, kaniomba nimwachie, na ukuta mzima nimpambie. Nikamfokea! Mtondogoo si michezo ya watoto! Kaondoka anatikisa kichwa.

Nimekaa karakanani, nimefikiri, kosa nimeliona. Lilikuwa moja tu: maumbo yalikuwa mengi mno. Duara peke yake linatosha.

Brashi kaenda kula. Kaacha mezani bango la hospitali, kalianza tu: MLANGO WA DHARURA. Kopo la rangi liko wazi. Kisahani ninacho.