Pampu Aliyoifunga Leonce

Jumatatu, 3 Juni
Mzee Aristides, mwenyekiti wa mradi, kanikabidhi daftari la vifaa. Mimi, wa darasa la saba! Nikague kila kifaa kinachosafisha majitaka ya mji kabla hayajaenda mashambani, kisha niandike: kizima, kimechoka, au hatari. Kasema kikiwa hatari, anaitwa fundi aliyekifunga. Pampu kubwa aliifunga Leonce. Mume wangu! Yuko Mtwara kikazi, miezi minane sasa, na Lucky wetu keshaanza kusimama kwa kushika stuli. Nimeikagua. Nzima, inanguruma kama fahali. Nimeandika hatari. Kwa herufi kubwa.

Jumatano, 5 Juni
Hilda wa stoo kauliza hatari gani hiyo. Nikamwambia inatetemeka. Akasema mama Lucky, anayetetemeka ni wewe. Kicheko mradi mzima! Wivu tu. Wa kwake analala nyumbani kila siku, atajua nini? Nimefua shuka. Zile nzuri.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi kafika! Nimekimbia getini, mtoto mgongoni, mafuta usoni. Siye. Ni Jackson, wa Himo. Eti Leonce yuko mbali mno, na hatari haiwezi kungoja. Kaifungua pampu yote, hakuona kitu. Kuirudishia, ikagoma. Mashamba hayajapata tone. Mboga za watu zimelala chini, na mimi nimelala nazitazama shuka.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimechuma jani la isale, nikampelekea Mzee Aristides. Huku kwetu ukiletewa isale hukatai kusamehe. Nimekiri yote. Kalishika jani, kisha kasema amesamehe, ila nikimkumbuka mume nipige simu, nisiandike kwenye daftari la watu. Hilda kanifuta machozi kwa khanga yake. Nimeapa.

Jumanne, 11 Juni
Jackson kaitengeneza, maji yamepanda. Na Lucky kapiga hatua mbili jikoni! Peke yake! Nikamdaka, nikamkalisha chini haraka. Nimemwambia hizo si hatua, mpaka baba yako azione. Leonce kapiga simu, kauliza kama mtoto anatembea. Nikasema wala, bado kabisa. Katika kukagua nimegundua vali ya bwawa la pili nayo aliifunga yeye. Haivuji. Nimeiinamia sana, haivuji hata kidogo. Kesho nitamuuliza Jackson, kwa upole tu, ni wiki gani hatakuwepo Himo.