Chumba kwa Chumba

Mwenye nyumba alikuwa na jengo moja tu, tena la ghorofa moja, lakini kila alipolitaja alilitaja kwa wingi. "Majengo yangu," alikuwa akisema, huku akilipungia mkono lile lile lililokuwa mbele yake. Mshenga, mpangaji mpya wa chumba cha juu, alilisikia neno hilo wakati anakabidhiwa ufunguo, na papo hapo akajua amefika. Mtu mwenye kimoja anayesema vingi hana shida ya mali. Ana shida ya mashahidi, na Mshenga alikuwa na mashahidi wa kutosha kwenye begi la kompyuta.

Jina la Mshenga alijipa mwenyewe. Alisema kazi yake ni kuunganisha watu. Kwenye kompyuta hiyo ya mkononi alikuwa na programu aliyoiita Lango, na ubaya haukuwa wa Lango. Watu hutumia mitandao tofauti ya kutumiana ujumbe, huyu yuko huku, yule yuko kule, hawakutani. Lango huzichukua akaunti zote, huzileta kwenye dirisha moja, na huwaingiza wenyewe katika chumba kimoja cha soga. Waungwana hulitumia kujipunguzia usumbufu. Mshenga yeye alisajili akaunti saba kwa laini saba za simu, akazipachika zote kwenye Lango, na kuanzia hapo akawa watu saba: Daktari, Wakili, Profesa, Kanali Mstaafu, Mhandisi, Mkurugenzi, na Mjane Tajiri, ambaye marehemu mumewe alimwachia mashamba asiyoyajua mipaka. Watu saba hao wote waliandika kwa kidole kimoja, maana Mshenga hakuwahi kujifunza kutumia vingine.

Chumba chao kiliitwa Baraza la Wazito. Humo wazito walisalimiana, wakapongezana, wakadokeza mambo ya mjini ambayo hayakuwepo. Mtu wa kawaida aliweza kuingia, lakini kwa daraja. Mgeni alisoma tu, asiseme neno. Mshiriki aliruhusiwa kusema. Msimamizi aliweza hata kumfukuza mtu. Juu yao alikuwepo Mmiliki, na huyo hakuna aliyemjua, jambo lililowafanya wote wamheshimu.

Sasa tuwatazame watu wazima wenye akili zao. Muuza nyama alituma maini kila Jumamosi ili awe Mgeni. Fikiria: alitoa maini ili akatazwe kusema. Fundi cherehani alishona suti mbili, akapanda kuwa Mshiriki, na siku aliyopewa sauti aliandika "Amina" kwenye habari ya Mhandisi kununua tairi. Fundi simu alibadilishana na Mshenga kompyuta, akampa mpya akachukua ile kuukuu, apate tu kuitwa "ndugu yetu" na Kanali. Hakuna aliyeshikiwa kisu. Walipanga foleni.

Mwenye nyumba naye alikuwa Mshiriki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye usimamizi. Alitaka kumfukuza mtu, yeyote yule. Mshenga alimwacha aive wiki tatu, kisha akashuka chini kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wazito wanasemaje?"

"Wanakutaja, mzee. Daktari anasema wewe ni msimamizi wa kuzaliwa. Tatizo ni ofisi. Baraza halina ofisi, na wanaona aibu kumpa mtu usimamizi wa kitu kisicho na mlango."

"Mlango ninao," akasema mwenye nyumba upesi. "Kile chumba cha kona kina hata miwili."

"Si kina mpangaji?"

"Yule mpiga chapa tu."

Mpiga chapa tu huyo, aliyejulikana mtaani kama Mama Chapa, alikuwa kwenye chumba cha kona kwa miaka kumi na moja. Aliandika barua za maombi, mikataba, wosia, na barua za mapenzi za watu wasiojua kupenda kwa maandishi. Chumba hicho ndicho kilichokuwa kikimsomesha binti yake uuguzi, na bado mwaka mmoja amalize. Kikitoka, na masomo yametoka.

Basi wakakubaliana, chumba kwa chumba. Mwenye nyumba angetoa chumba cha matofali kwa miaka kumi bila kodi, naye angepewa usimamizi wa chumba cha soga. Mshenga, kwa adabu zake zote, alikataa jina lake kuandikwa kwanza kwenye mkataba.

"Mzee, mimi ni mtumishi tu. Acha wazito wenyewe wamchague mtunza ofisi. Jumamosi saa nne watapiga kura humo humo chumbani. Jina watakalotaja ndilo utakaloandika, kisha unasaini."

Alikwishaandaa hata maneno ya kukataa mara mbili kabla ya kukubali. Mwizi akitaka kuheshimiwa huwa anajiongezea kazi.

Jumatano mwenye nyumba alipeleka mkataba ukachapwe. Unadhani aliupeleka wapi? Aliupeleka kona.

"Mama, nipigie hii, nakala moja. Jina acha nafasi, Baraza litalipigia kura Jumamosi saa nne."

Mama Chapa alisoma akiwa amesimama. Akaketi, akasoma tena. "Mzee, hiki si chumba changu hiki?"

"Ni changu. Wewe umepanga."

"Na mimi niende wapi?"

"Mama, piga tu. Hayo ni mambo ya Baraza."

Akapiga. Machozi yalimdondoka kwenye kibodi, na hasira ikamfanya apige kwa kasi kuliko kawaida. Hakuacha kosa hata moja, kwa sababu hilo lilikuwa kiburi chake pekee duniani.

Alasiri yake akaingia Mshenga na kikaratasi. Naye alikuwa na shida zake. Kuwa watu saba si mchezo. Juzi tu Mjane Tajiri alikuwa ameandika "mke wangu anawasalimu", na Kanali akajisifu kwamba amejifungua salama. Zaidi ya hayo, kompyuta mpya ya fundi simu haikuwa na Lango. Alikuwa amelipakia upya, na sasa lilitaka neno la siri la kila akaunti kabla ya kufungua. Alihitaji jedwali safi la kubandika ukutani: akaunti, neno la siri, tabia ya mhusika.

Utasema, mjanja gani humpa mtu siri zake achape? Lakini Mshenga aliamini kwamba mpiga chapa hasomi, anapiga, na kwamba barua hupita kwenye macho yake kama maji kwenye bomba.

"Nipigie hii, mama, halafu kikaratasi ukichane."

"Nitakichana, baba."

Maneno ya siri yenyewe yalikuwa methali, ili asiyasahau. Lakini Mshenga na herufi H hawakuwahi kuelewana. Aliiondoa ilipotakiwa na kuiweka isipoalikwa, na hakuiona wala kuisikia. Ya Daktari ilikuwa "aba na aba ujaza kibaba". Ya Wakili, "hasiyesikia la mkuu". Ya Kanali, "araka araka aina baraka". Ya Mjane, "akuna marefu yasiyo na ncha". Zote saba zilikuwa hivyo.

Mama Chapa akasahihisha. Naapa hakuwa na nia mbaya. Miaka kumi na moja alikuwa akisahihisha watu bila kuwaambia, vidole vyake vilirudisha kila H mahali pake vyenyewe. Haba na haba. Asiyesikia. Haraka haraka. Mshenga akapokea jedwali, akalisoma, akaona ni yale yale aliyoandika, akaondoka akipiga mluzi.

Mama Chapa alikiinua kikaratasi akichane, na ndipo akakisoma kama msomaji. Daktari: mpole, apende kusema hasante. Mjane: amlegeze mwenye nyumba. Mkurugenzi: ndiye Mmiliki, isijulikane. Akakitazama kikaratasi, akautazama mkataba uliolala kando yake ukisubiri kuchukuliwa, akacheka peke yake mpaka mteja mmoja akaishia mlangoni.

Hakukichana.

Jumamosi mwenye nyumba aliketi barazani na suti kamili, simu mkononi, mkataba na kalamu mapajani. Mkewe alikuwa nyuma yake mlangoni, akipiga pasi. Juu ghorofani, saa nne kasoro dakika kumi, Mshenga, aliyekuwa amewanyamazisha wazito tangu Jumatano ili kura ingojewe kwa hamu, alifungua kompyuta mpya, akaandika methali ya Daktari kama ilivyo ukutani, herufi kwa herufi. Lango likakataa. Akaandika tena taratibu. Likakataa. Mara ya tatu likaifunga akaunti kwenye kompyuta ile kwa siku nzima. Akajaribu ya Wakili. Akajaribu ya Kanali, iliyosema haraka haraka haina baraka, akaiandika kwa haraka. Hadi saa nne inagonga alikuwa amefungiwa nje ya watu wote saba, yeye aliyewazaa.

Akashuka ngazi mbilimbili. "Mzee, tuahirishe! Wazito hawapo!"

"Hawapo vipi?" Mwenye nyumba hakuinua macho. "Wameanza zamani."

Mshenga akainama juu ya bega lake, akasoma.

Daktari: Habari za asubuhi, waheshimiwa. Tuingie kwenye hoja.

Kanali: Ofisi inahitaji mtu anayeweza kutunza siri.

Wakili: Mtu anayeijua kona hiyo.

Mjane: Mimi nampendekeza Mama Chapa.

Profesa: Naunga mkono hoja.

"Nani anaandika?" Mshenga akapayuka.

"Si unaona majina? Na leo wameandika kwa heshima kweli kweli, hata nukta wameweka. Inaonyesha jambo ni zito."

Kwenye kona, nyuma ya milango yake miwili, Mama Chapa alikuwa na simu nne za kuazima na kikaratasi kimoja. Alikuwa amejaribu kuandika "hasante" ili afanane na wenyewe, lakini mkono ulikataa.

Kura zikawa saba kwa sifuri. Mwenye nyumba akafungua kalamu, na hapo Mshenga, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akaamua kusema kweli.

"Mzee, usisaini. Hakuna wazito. Daktari ni mimi."

"Wewe?"

"Daktari ni mimi, Kanali ni mimi, Profesa ni mimi. Wote saba ni mimi, naapa! Kuna mtu ameniibia!"

Mwenye nyumba akamtazama kuanzia kandambili hadi kichwani. Akageuza mkataba upande wa nyuma, akampa kalamu. "Daktari sasa hivi ameandika: 'Huyu hapa ndiye mwenye haki.' Hebu iandike wewe, tuone huo udaktari."

Mshenga akaandika kwa bidii. Uyu apa ndiye mwenye aki.

"Profesa huyo!" Mwenye nyumba akacheka akakohoa. "Kijana, nenda kalale."

Mlango wa kona ulikuwa umefunguliwa. Mama Chapa alisimama kizingitini na simu imeshikwa nyuma ya mgongo, roho mkononi. Mshenga akamwona, akaelewa kila kitu, na kwa uchungu akatoa ushahidi wake wa mwisho.

"Haya mzee. Jumapili ulimwandikia Mjane faragha, nyinyi wawili tu. Ulimwambia mkeo hakuelewi tangu mwaka wa pili wa ndoa. Ulimwomba picha ya mkono wake. Ukapewa picha ya mkono, ukasema hujawahi kuona vidole laini hivyo." Akainua mkono wake wa kulia, ule wenye kidole cha kuandikia, akamwonyesha.

Mwenye nyumba akautazama ule mkono. Akautazama muda mrefu, na rangi ikamtoka taratibu kuanzia masikioni.

Hapo aliamini. Tuseme ukweli, aliamini yote, neno kwa neno. Alikumbuka na yale ya Jumatatu.

Nyuma yake sauti ya pasi ikakoma. "Mjane gani huyo?" mkewe akauliza.

Mwenye nyumba alikuwa na njia mbili. Aliweza kusimama, akasema ametapeliwa, akakiokoa chumba chake, kisha akaeleza mbele ya mkewe na muuza nyama na mtaa mzima ni nani aliyekuwa akimwandikia "kipenzi" mchana kweupe. Au aliweza kubaki mtu wa wazito.

"Mjane wa mashamba," akamjibu mkewe bila kugeuka. "Mjumbe wa Baraza, mama wa heshima sana. Huyu kijana amechanganyikiwa, anamsingizia."

"Lakini mzee..."

"Mjane yupo," akamwambia Mshenga kwa sauti ya chini, na jicho lake halikuwa na mzaha. "Na Daktari yupo. Umenisikia?"

Akaandika jina la Mama Chapa kwa herufi kubwa, akasaini, akampelekea mkataba mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaangalia simu iliyokuwa ikimwambia kwamba sasa yeye ni Msimamizi, na akamwamuru Mshenga aanze kushusha vyombo vyake kutoka juu.